Paka akikuna sikio mpaka manyoya yatoke: namna nilivyoumaliza utitiri kwenye lupango letu

Nauza unga wa mahindi Katuba, hapa Lubumbashi. Muuza unga hafugi paka kwa mapenzi, anafuga kwa hesabu. Panya akitoboa mfuko mmoja wa kilo 25 usiku, asubuhi mteja anatazama lile tundu, anakutazama wewe, kisha anavuka barabara na kununua kwa jirani. Paka wangu anaitwa Kapita. Tangu akiwa mdogo alikuwa na tabia ya kupita juu ya mifuko, mmoja baada ya mwingine, kama kapita anayehesabu watu wa zamu.

Mwaka jana mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika sawasawa, Kapita aliacha kazi. Alikaa mlangoni siku nzima akitikisa kichwa, mara akajikuna kwa mguu wa nyuma mpaka akaanguka ubavu. Panya alipita mbele yake mchana kweupe, naye hata hakugeuka. Nyuma ya masikio manyoya yalikuwa yamekwisha, ngozi nyekundu ina mikwaruzo. Nilidhani ni viroboto. Nilikosea, na kabla ya kupata njia nilikosea tena mara tatu. Haya makosa nayaandika pamoja na dawa, maana ndiyo yaliyokula fedha zangu.

Anza kwa kutazama

Usimshike mnyama huku mmesimama. Kaa chini, mviringe paka kwa kitenge kizito au taulo kama unavyomfunga mtoto mchanga, kichwa tu kibaki nje. Mtu wa pili amulike kwa tochi ya simu. Shika ncha ya sikio, ligeuze taratibu kuelekea kisogoni, utazame ndani.

Sikio zima la paka ni la rangi ya ngozi, pengine lina nta kidogo ya njano, wala halinuki. Nilichokiona kwa Kapita kilikuwa kama mabaki ya kahawa kwenye chujio: makombo meusi yanayoelekea hudhurungi, makavu, yamejaa mpaka kwenye mikunjo. Hiyo si mavumbi ya mtaani, hata kama kiangazi chetu kinatia vumbi jekundu kila mahali. Ni nta, damu kidogo iliyokauka, ngozi iliyobanduka, na uchafu wa wadudu wenyewe. Mara nyingi masikio yote mawili yanakuwa hivyo. Sugua kwa kidole mahali sikio linapoanzia kichwani, uangalie mguu wa nyuma: ukianza kupiga hewani wenyewe kama anajikuna, shaka inazidi.

Halafu fanya jaribio la karatasi nyeusi. Mimi nilitumia jalada jeusi la daftari la mwanangu. Nilizungushia pamba kwenye kidole, nikachukua makombo ya juu tu, nikayapakaza kwenye jalada, nikaliweka juani penye joto. Baada ya dakika moja hivi nikasogeza kamera ya simu na kuikuza picha mpaka mwisho. Kati ya yale makombo kulikuwa na vitone vyeupe, vidogo kuliko ncha ya sindano, na kimoja kikatembea. Kikasimama. Kikatembea tena. Mwanangu aliruka nyuma akaniambia, “Mama, unga unatembea!” Siku hiyo sikuuza unga kwa furaha.

Mdudu mwenyewe hafiki nusu milimita. Jina lake la kitaalamu ni Otodectes cynotis. Sisi tumwite utitiri wa masikio. Si ule utitiri wa kuku. Huyu hachimbi ndani ya ngozi kama mdudu wa upele; anaishi juu yake, kwenye tundu la sikio, akila ngozi iliyobanduka na majimaji yake. Usipokiona kitone kinachotembea, usiseme basi hakuna. Daktari aliyetusaidia mwishoni, kijana aliyesomea fakulte ya veterineri ya hapa Unilu, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliweka makombo hayohayo kwenye tone la mafuta chini ya hadubini akaniita nitazame. Niliona mdudu mwenye miguu minane, na pembeni yake mayai marefu, meupe, kama punje za mchele. Yakumbuke hayo mayai, nitarudi kwao.

Si kila sikio linalowasha lina utitiri

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hasa wenye mbwa. Sikio la mbwa likinuka kama kitu kilichochacha, nta ikiwa laini, ya njano au hudhurungi inayoteleza, mara nyingi huo ni ukungu au vijidudu vya usaha, na dawa ya utitiri haitaligusa. Sikio moja tu likianza kuuma ghafla, mbwa akiinamisha kichwa upande huo baada ya kukimbia porini, fikiria mbegu ya nyasi iliyoingia, au kupe. Magamba yakianzia kwenye ukingo wa nje wa sikio na kuelekea usoni, huo ni upele wa wanyama, wenye dawa yake na wenye kuambukiza watu pia. Na paka mweupe mwenye kidonda cheusi kisichopona kwenye ncha ya sikio asingoje: jua kali linaweza kumletea kansa pale.

Dalili tatu zinakutoa nyumbani siku hiyohiyo. Ya kwanza, kichwa kimelala upande mmoja, mnyama anazunguka duara, au macho yanachezacheza. Sikio la ndani limeguswa. Ya pili, usaha au damu inatoka. Ya tatu, jani la sikio limevimba laini kama andazi: mshipa umepasuka kwa kujikuna na kutikisa kichwa, damu imejaa katikati ya ngozi. Usilitoboe kwa sindano ya kushonea. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo kwa mbwa wake, damu ikajaa tena kesho yake, na usaha juu.

Makosa yangu, kwa mpangilio

La kwanza lilikuwa mawese. Mama mmoja wa jirani, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia niyapashe na kumwagia. Hakudanganya kabisa: mafuta yanalainisha uchafu, na wadudu wengine wanazama humo wanakufa. Kapita alilala vizuri siku mbili. Lakini mawese ni mekundu. Baada ya hapo sikuweza tena kujua kama kinachotoka ni damu, nta au mafuta. Na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita yaliganda kwenye manyoya, vumbi likashika juu yake. Ukitaka mafuta, chukua yasiyo na rangi na yasiyo na manukato.

La pili nalijutia mpaka leo. Muuza dawa mmoja sokoni aliniambia ana sindano ya kumaliza wadudu wote wa mwili. Ilikuwa ivermektini ya ng'ombe. Hakumpima Kapita. Alivuta nusu ya bomba dogo la mililita 1, akachoma, akachukua franka zake. Jioni ile paka alitembea kama mtu aliyetoka kwenye pombe, mboni zimepanuka zimejaa jicho zima, mate yanatiririka. Siku mbili hakula hata ndakala, vile visamaki vikavu. Alipona kwa bahati yake.

Baadaye yule daktari kijana alinifanyia hesabu kwenye karatasi ya mfuko wa unga, na mtu wa mizani kama mimi hesabu ile ilinichoma. Dawa ile ina miligramu 10 katika kila mililita. Kwa paka, daktari akiamua kuitumia, anakwenda karibu na miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mwili. Tulimpima Kapita kwenye mizani yangu ya unga: kilo 3.4. Zidisha, unapata miligramu 0.68, yaani mililita 0.07 hivi, tone ambalo kwenye bomba la kawaida hata hulioni vizuri. Yeye alipewa miligramu 5. Zaidi ya mara saba.

“Mama,” daktari akaniambia, “dawa si mbaya. Ilitengenezwa kwa mnyama wa kilo mia tatu.”

Kwa hiyo sindano mwachie anayejua. Mwambie pia kama mbwa wako ana damu ya Collie au ya jamii nyingine za mbwa wa kuchunga kondoo: wengi wao wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu ivermektini kuingia kwenye ubongo, na kipimo ambacho kwa mbwa mwingine ni cha kawaida kinaweza kumwua. Kitoto cha wiki chache nacho kisipewe.

La tatu nitalieleza kwenye hesabu ya wiki.

Kusafisha

Dawa haifiki kwa mdudu aliyejificha chini ya uchafu, ndiyo maana kusafisha kunatangulia. Lakini kama kuna usaha, damu, harufu kali au kichwa kilicholala upande, usitie kitu chochote mpaka daktari amulike ndani na kuona kama kiwambo cha sikio ni kizima. Kikiwa kimetoboka, hata dawa nzuri inaweza kupita ndani na kumfanya kiziwi.

Mimi nilitumia mafuta ya watoto yasiyo na manukato. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto kidogo, kisha dondosha tone kwenye kifundo cha mkono wako. Usisikie joto wala baridi. Baridi inamshtua paka, kisha hatakubali tena. Tia matone matano au sita, sikio likiwa limevutwa juu. Halafu, kabla hajatikisa kichwa, finya taratibu chini ya sikio, pale penye kitu kigumu kama bomba dogo. Utasikia mlio wa chwa, chwa, kama mtu anayetembea kwenye matope na ndala. Mlio huo ndio unaoutaka, mafuta yamefika. Endelea nusu dakika, kisha mwachie atikise kichwa. Simama mbali, au vaa nguo ya kazi. Makombo yataruka mpaka ukutani.

Yaliyopanda juu yafute kwa pamba iliyozungushiwa kidole. Mwisho wako ni pale kidole kinapofika chenyewe. Vile vijiti vya pamba vya masikio viweke mbali: vinasukuma uchafu chini kama unavyoshindilia unga mfukoni. Nilisafisha kila siku kwa wiki moja, kisha mara mbili kwa wiki. Petroli, spiriti, siki kali, maji ya limau, dawa ya matone ya binadamu iliyobaki kabatini: hapana kwa yote. Ngozi ya ndani imejaa mikwaruzo. Jiulize wewe mwenyewe ungependa limau kwenye kidonda.

Ukiumwa au kukwaruzwa hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali. Kichaa cha mbwa kipo kwetu, wala paka hasalimiki nacho. Mnyama wako awe amechanjwa kabla ya kazi hizi zote.

Dawa

Kuna njia mbili nyepesi. Moja ni tone la shingoni: unatenganisha manyoya nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi haufiki, unamimina kwenye ngozi. Yenye selamektini au moksidektini inapita mwilini na kuwafikia utitiri wa masikio. Nyingine, hasa kwa mbwa, ni vidonge vya jamii ya fluralaneri au afoksolaneri. Zote zinauzwa kwa kilo za mnyama na zina umri wa chini wa kuanzia. Soma karatasi ya ndani au somewa. Mizani yangu sasa inapima wanyama wa mtaa mzima: simama na paka mkononi, kisha simama peke yako, toa. Kwa mizani ya dukani, mtie kwenye kikapu.

Jambo moja liandike kwa herufi kubwa ndani ya kichwa: dawa ya mbwa yenye permetrini usimpe paka. Mwili wake hauwezi kuivunja. Anatetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Vilevile dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata ukiichanganya na ndoo nzima ya maji.

Sasa lile kosa la tatu. Daktari alimtibu Kapita vizuri, akasema nimrudishe baada ya wiki mbili. Siku ya tisa nikatazama sikio: safi, jekundu kidogo tu. Nikasema fedha ya pikipiki ya kurudi huko ni nusu mfuko wa unga, ya nini? Sikurudi. Wiki ya nne Kapita akaanza tena kutikisa kichwa, na safari hii mbwa wetu Bobi alikuwa naye anasugua sikio kwenye nguzo ya mlango.

Sababu ni yale mayai. Yai linaanguliwa baada ya siku nne hivi. Kutoka yai mpaka mdudu mkubwa anayetaga ni kama wiki tatu, na huyo mkubwa anaishi miezi miwili hivi. Mafuta na dawa nyingi zinaua wanaotembea; yai linakaa limefungwa, linangoja. Ukiacha sikio likiwa safi, umeacha siku ambayo watoto wanatoka nje. Kwa hiyo hesabu wiki, usihesabu usafi. Mimi nilichora mistari kwa makala, yaani mkaa, kwenye mlango wa duka, mmoja kwa siku, mpaka thelathini. Sindano ya kwanza ya daktari siku ya kwanza, ya pili siku ya kumi na tano. Kama ni tone la shingoni, fuata daktari: wengine linawatosha moja, wengine wanarudia baada ya mwezi.

Na utibu lupango zima, yaani wanyama wote wa uani. Bobi na Kapita walikuwa wanalala kwenye gunia moja. Utitiri huu hauchagui paka au mbwa, na paka anayenyonyesha anawapa watoto wake siku za kwanza kabisa. Asiyejikuna naye atibiwe, maana paka wengine wanao bila kuonyesha. Tena wadudu hawakai sikioni tu. Paka analala amejikunja, mkia umefika usoni. Wengine wanahamia kwenye mkia, shingo na kiunoni, wakisubiri kurudi. Ndiyo maana matone ya sikio peke yake yalinishinda, na dawa inayozunguka mwili ikafaa.

Magunia ya kulalia niliyachemsha, nikayaanika juani siku nzima, mawili yaliyooza nikayachoma. Nilifagia nyuma ya mifuko. Nje ya mnyama wadudu hawadumu sana, ila siku kadhaa zinatosha kumrudia mgonjwa.

Watu waliniuliza kama wataingia masikioni mwetu. Si makazi yao. Mtu anayelala na paka anaweza kuwashwa mikono kwa muda, kisha inakwisha mnyama akitibiwa. Ila yupo daktari wa mifugo wa Marekani, Robert Lopez wa jimbo la New York, aliyechukua utitiri kwenye sikio la paka akautia kwenye sikio lake kwa makusudi, apate kujua. Aliandika mwaka 1993 kwamba aliwasikia wakikwaruza na kutembea, na usiku ndio walikula zaidi, hata usingizi ukamwisha. Alirudia mara tatu! Mwaka 1994 wakampa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Tangu nisome habari hiyo sikumpigia tena Kapita kelele usiku.

Wenye sungura

Mwanangu wa pili anafuga sungura nyuma ya nyumba, na sungura ana utitiri wake mwingine, Psoroptes cuniculi. Wake unajenga magamba mazito, tabaka juu ya tabaka, mpaka sikio linajaa na kulegea. Mkono utakuwasha kuyabandua. Usifanye hivyo: chini yake ni nyama mbichi, na maumivu ni makubwa. Daktari anachoma ivermektini kwa kilo zake, anarudia baada ya siku 14, na magamba yanaanguka yenyewe. Matone ya viroboto yenye fiproneli yanayotumika kwa mbwa na paka yanaweza kumwua sungura. Vibanda vyote visafishwe, nyasi za zamani zichomwe, na sungura wa jirani asipokelewe kwa kupandisha kabla hujamtazama masikio.

Siku ya thelathini nilichukua lile jalada jeusi tena, nikapakaza pamba kutoka kwa Kapita na kwa Bobi. Vumbi la nta tu. Nilirudia baada ya wiki, jua likiwa kali: hakikutembea kitu. Nikafuta mistari ya makala mlangoni kwa kitambaa chenye maji. Kesho yake asubuhi nilikuta panya wawili wamelazwa mbele ya mizani.